Kilaza, kipanga, mshamba, wa kishua: haya majina na makundi yanawafanya nini vijana?

#1 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Nafundisha sekondari na kuna jambo linaninyima usingizi. Muhula ukianza watoto wanakuja hawajuani. Wiki chache tu baadaye kila mmoja ana jina, na kila jina lina meza yake. Kuna vipanga, vilaza, wa kishua, washamba, walokole, na wale wa mpira. Ukiuliza nani kawapanga, hakuna anayejua.

Dai langu ni hili. Sisi watu wazima tunahangaika na tusi lenyewe: mtoto kaitwa mshamba, kalia, tumembembeleza, yamekwisha. Mimi naona madhara makubwa yako kwingine. Jina linaamua akae na nani, na anaokaa nao ndio wanaoamua atapata habari gani. Nina mwanafunzi ambaye kila mara ndiye wa mwisho kujua kwamba jaribio limesogezwa mbele. Hakuna aliyemficha kwa makusudi. Habari zinapita ndani ya makundi, naye hana kundi. Mwisho wa mwaka tunakaa kikaoni tunasema ni mzito.

Na jina zuri nalo linafunga. Nina kipanga mmoja hajawahi kunyoosha mkono kuuliza. Anasubiri wenzake watawanyike, anakuja hadi mlango wa ofisi, anageuka kuangalia nyuma, ndipo anafungua daftari na kuniuliza kitu cha sura ya kwanza kabisa. Mbele ya darasa hawezi, ataonekana ameshuka.

Chanzo chake ni nini hasa? Naomba michango.

#2 Zege Halilali
Uzi wa maana huu. Nimevuta kiti.

#3 Fundi Saa
Mleta uzi, hapo kwenye "nani kawapanga" mimi nasema hahitajiki mtu wa kupanga. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, akiwa Bristol, Uingereza, alichapisha mwaka 1970 jaribio alilowafanyia wavulana wa miaka 14 na 15. Aliwaonyesha nukta nyingi kwa muda mfupi wakisie idadi, kisha akawagawa makundi mawili akiwaambia mgawanyo umetokana na makisio yao. Haikuwa kweli, waligawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyejua nani yuko kundi lake. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa kwa wengine, wakapendelea upande wao. Kibaya zaidi, kwenye jaribio lililofuata mara nyingi wavulana walikuwa tayari upande wao upate pungufu, ilimradi upande wa pili upitwe kwa mbali.

Kama nukta zinatosha kuleta hayo, unategemea nini kwa watoto wenye viatu tofauti, lafudhi tofauti na wazazi tofauti? Makundi yatakuwepo tu. Ni maumbile.

#4 Mama Pacha
Fundi Saa, mbona umejijibu mwenyewe? Wale wavulana hawakujigawa. Aligawa mtu mzima.

Mimi nina mapacha. Hawajaanza hata kutambaa, ndugu walishaamua: huyu mpole, yule mtundu. Mpole akipiga kelele wanasema kaambukizwa na mwenzake. Mtundu akitulia wanamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Sasa wako sekondari, na kitu kikivunjika bwenini anaitwa yule yule. Juzi kaniuliza, "Mama, kama nitatajwa hata nisipofanya, kwa nini nisifanye?" Haya hayakuanzia kwa watoto wenzake, yalianzia sebuleni kwetu.

#5 Msoma Ramani
Swali la mtoto wa Mama Pacha lina wenyewe waliolifanyia kazi. Mwanasosholojia Edwin Lemert aliandika mwaka 1951 kwamba kuna kosa la kwanza na kuna makosa yanayofuata, na vyanzo vyake havifanani. La kwanza linaweza kutoka popote: utoto, njaa, kuiga. Watu wakishakupa jina kwa sababu ya lile la kwanza, yanayofuata yanazaliwa na jina. Unaanza kuishi kama wanavyokutarajia kwa kuwa njia nyingine zimefungwa.

Howard Becker mwaka 1963 akaenda mbali zaidi. Kwake yeye ukorofi haumo ndani ya tendo, unatokana na watu wenye sauti kufanikiwa kulibandika jina. Wanafunzi wawili wanaruka ukuta ule ule usiku ule ule. Wa kishua anaitwa mtundu, mwenzake anaitwa mhuni. Mmoja anaonywa, mwingine anasimamishwa, na wiki mbili nje ya shule anazimalizia na watu gani? Na wale ambao tayari hawana shule.

#6 Zege Halilali
Msoma Ramani, ukuta huo umeuruka mara ngapi wewe, mbona unaujua vizuri hivyo? 😄

#7 Kilaza Mstaafu
Niongeze la kwangu. Shule niliyosoma tulikaa kwa matokeo. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma, na kila matokeo yakitoka watu walibeba mabegi na kuhama mbele ya wenzao wote. Unasimama kwenye njia katikati ya madawati, begi kifuani, unasubiri mwenye kiti chako kipya ahame kwanza. Kule nyuma tulikuwa tunajulikana kwa jina moja sote: vilaza.

Mimi macho yangu hayaoni mbali. Nikiwa nyuma ubao ulikuwa ukungu mtupu. Nikawa nakosea kunakili maswali, nashindwa, narudishwa nyuma tena. Hakuna mwalimu aliyewaza macho kwa sababu maelezo yalikuwa yameshapatikana. Miwani nilikuja kupata nimeshamaliza shule.

#8 Binti Sayari
Pole sana kaka. Ila samahani kwa kuuliza, kwa nini basi umelichagua jina hilo hilo hapa jukwaani?

#9 Kilaza Mstaafu
Dada, nikilisema mimi kwanza hakuna atakayenirushia. Nimelikalia.

#10 Mama Pacha
Uamuzi ni wako na ninauheshimu. Lakini mtoto anayefanya hivyo akiwa na miaka 13 ananiogopesha. Yule mnene anayejiita Bonge kabla hajaitwa, anacheka kabla hawajacheka. Mwalimu akimwona anacheka anasema hana shida. Na rafiki zake hawawezi tena kujua ni lini limemuuma, kwa sababu amewafundisha kwamba halimuumi.

#11 Zege Halilali
Hapa naomba nipingane. Tusifanye kila jina la utani kuwa sumu. Kijiweni kwetu kila mtu alikuwa na jina, na jina ndilo lililokuonyesha kwamba wewe ni wa hapa. Asiyekuwa na jina ndiye aliyekuwa mgeni. Wengine tunaitana hivyo hivyo hadi sasa na tunapendana.

#12 Msoma Ramani
Zege, tofauti naiona kwenye kama unaweza kulikataa. Kijiweni ukisema "hilo silitaki" wenzako watakuzomea siku mbili halafu wataacha. Darasani ukilikataa ndiyo wanakandamiza. Pia kijiweni uliondoka jioni ukaenda nyumbani. Mtoto wa bweni halali mahali pengine.

#13 Daktari wa Daftari
Salaam. Si daktari wa hospitali, ni mshauri nasaha wa wanafunzi.

Naomba tusitupe majina yote kapu moja. Nimeona mtoto aliyeitwa mvivu miaka mingi akapimwa na kukutwa na disleksia, ile hali ya ubongo kupata taabu na maandishi. Jina hilo jipya lilimfungua: akapewa muda wa ziada kwenye mtihani, akasomewa maswali, mama yake akaacha kumchapa. Nalo ni jina, lakini limekuja na msaada. "Kilaza" halikuja na kitu chochote.

Nimeona na kinyume chake. Mtoto mwingine alipopata karatasi ya kitaalamu, walimu wawili waliacha kabisa kumuuliza maswali darasani. Walidhani wanamhurumia.

#14 Fundi Saa
Hapo kwenye walimu kuacha kuuliza ndipo penye mzizi, nadhani. Kuna utafiti wa Robert Rosenthal uliochapishwa mwaka 1968. Walimu wa shule moja huko California waliambiwa kwamba watoto fulani wataibuka sana kiakili mwaka ule. Majina yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipoisha wale watoto wakawa wameongezeka kuliko wenzao. Kwa hiyo mwalimu akiamini wewe ni kilaza, utakuwa kilaza, na kinyume chake.

#15 Msoma Ramani
Taratibu mkuu. Kwanza hakuwa peke yake. Alifanya na Lenore Jacobson, ambaye alikuwa mkuu wa shule. Pili, ongezeko lililoonekana vizuri lilikuwa kwa wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Kwa wakubwa halikujitokeza hivyo. Na mwaka huo huo utafiti ulipochapishwa, Robert Thorndike aliukosoa vikali kuhusu vipimo vilivyotumika. Tusiubebeshe mzigo wa sekondari nzima.

#16 Fundi Saa
Sahihisho limepokelewa. Ila hata kwa wadogo tu, hao wadogo ndio wanaofika sekondari wakiwa tayari na jina.

#17 Nyota Pembeni
Shikamooni. Nina miaka 19, nimemaliza shule hivi karibuni, nadhani ni mdogo kuliko wengi humu.

Mnazungumzia madawati na vijiwe, lakini sisi yetu yalikuwa kwenye simu. Ngoja niwaeleze inavyofanyika kwa sababu watu wazima hawaioni. Darasa lina kundi la WhatsApp. Wakitaka kumtoa mtu hawamtoi, maana ukimtoa jina lake linaonekana, mwalimu au mzazi anaweza kuuliza. Wanachofanya ni kufungua kundi la pili, jina lile lile, picha ile ile, na kuwaingiza wote isipokuwa yeye. Lile la kwanza linaachwa. Yeye anaendelea kutuma humo. "Jamani kesho tunaanza saa ngapi?" Tiki zinageuka bluu, hakuna anayejibu. Anadhani siku hizi watu wako bize.

Rafiki yangu alikaa karibu muhula mzima ndani ya kundi hilo. Alikuja kujua alipoona kioo cha simu ya mwenzake kwenye basi. Jina la kundi ni lile lile, lakini mazungumzo hajawahi kuyaona.

#18 Mama Pacha
Ya Rabi. Mwanangu, marahaba, na ahsante kwa kutufungua macho.

#19 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)
Nyota, umenieleza kitu nilichokuwa nakiona bila kukielewa. Mwanafunzi wangu niliyemtaja #1 ana simu, na bado hakuwa anapata habari za jaribio.

#20 Daktari wa Daftari
Kuachwa hivyo kunauma kweli kweli, si deko. Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha mwaka 2003 matokeo ya watu waliolazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Baada ya muda wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Sehemu ya ubongo inayohusishwa na karaha ya maumivu ya mwili ikawaka. Na mpira wenyewe ulikuwa wa kuchora tu.

Halafu kuna umri. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari. Vijana wa miaka 13 hadi 16 waliongeza hatari sana pale rika lao lilipokuwa linatazama. Watu wazima wao hawakubadilika kiasi hicho. Kwa hiyo nasema tatizo liko sana kwenye umri wenyewe. Umri huo macho ya wenzio ndiyo yanakupa pumzi.

#21 Msoma Ramani
Nikuchokoze kidogo daktari. Wale wa 2003 walikuwa watu 13 tu, wanafunzi wa chuo, na wataalamu bado wanabishana kama ile sehemu inaonyesha maumivu au inashtuka tu jambo lisilotarajiwa linapotokea. Kwamba kutengwa kunauma sikatai, hilo halihitaji mashine.

Na hoja ya umri haitoshi. Vijana wote wana umri huo, lakini kuna madarasa yanayoelewana na kuna madarasa ya kutisha, ndani ya shule moja.

#22 Binti Sayari
Mimi niseme la upande ambao haujasemwa. Nilikuwa kundi la juu. Wale ambao kila mtu anataka kukaa nao.

Watu wanadhani huko juu kuna raha. Kundi letu lilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote: nani usimsalimie mbele za watu, unacheka nini, unakataa mvulana gani. Kila wiki kulikuwa na mmoja "aliyenuniwa," na hukuambiwa kosa lako. Mapumziko yakifika unaingia bwaloni na sahani yako, unatazama kama kuna nafasi imeachwa kwenye benchi. Nafasi ikiwepo, unashusha pumzi. Isipokuwepo, wote wanaangalia chini na unajua wiki hii ni yako. Nilipenda sana kuchora, nikaacha, kwa sababu kuchora kulikuwa kwa wale wa meza nyingine. Mpaka leo sijui ningefika wapi nacho.

Na la ajabu ni kwamba hatukupendwa. Tulijulikana tu.

#23 Daktari wa Daftari
Binti Sayari, hilo la mwisho limepimwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wanawauliza wanafunzi maswali mawili: unampenda nani zaidi, na humpendi nani kabisa. Walipokuja kuongeza swali la tatu, nani ni maarufu, majina yakawa mara nyingi si yale yale. Antonius Cillessen na Lara Mayeux walionyesha mwaka 2004 kwamba kadiri watoto wanavyokua, umaarufu unazidi kwenda pamoja na ubabe wa chini chini: umbeya, kununa, kutenga. Ndiyo sababu mwalimu akimchagua kiranja kwa umaarufu anaweza kuwa amemkabidhi rungu mtu mbaya.

#24 Zege Halilali
Kazini kwetu ni haya haya jamani. Kuna meza ya watu wa mhasibu na meza ya watu wa bosi. Na umri tumevuka zamani. Hoja ya ubongo wa kijana naiona inapwaya.

#25 Fundi Saa
Ndiyo nilivyosema #3, ni maumbile. Tena yapo majaribio ya Muzafer Sherif ya 1954, kambi ya Robbers Cave huko Oklahoma. Wavulana 22 wa miaka kama 11, makundi mawili, ndani ya siku chache wanachomeana bendera.

#26 Msoma Ramani
Usiishie hapo, maana kisa hicho kina sehemu mbili unazoziruka.

Moja: mwaka mmoja kabla, 1953, Sherif alijaribu jambo hilo hilo jimbo la New York na likagoma. Safari hiyo wavulana walikaa pamoja kwanza, wakafanya urafiki, ndipo wakagawanywa. Watafiti walichochea ugomvi, watoto wakakataa kugombana, jaribio likavunjwa. Mwaka 1954 wakatenganishwa tangu mwanzo bila kuonana. Kwa hiyo kugawa peke yake hakukutosha. Ilihitajika kugawa watu wasiojuana na kuwashindanisha kwa zawadi.

Mbili: kilichopoza ugomvi ni shida ya pamoja. Maji ya kambi yalikatika na wote walihitaji kutafuta hitilafu. Kuwakutanisha tu kwenye chakula hakukusaidia, walirushiana chakula.

#27 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)
Hii ya 1953 inanigusa kazini. Kwetu watoto wanapangwa mikondo kwa alama siku ya kwanza kabisa, hawajajuana hata majina. Kisha tunashindanisha mikondo na kuibandika ubaoni.

#28 Kilaza Mstaafu
Na tunaoandikwa mkondo wa mwisho tunapewa mwalimu wa mwisho. Hilo nalo liandikwe.

#29 Nyota Pembeni
Naomba kuuliza. Wale wanaonyamaza je? Darasani kwetu wabaya walikuwa wachache mno. Wengi walijua kuhusu kundi la pili na hawakupenda, ila hakuna aliyesema.

#30 Daktari wa Daftari
Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Solomon Asch mwaka 1951 alimweka mtu mmoja kati ya wengine waliopangwa watoe jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari. Karibu theluthi ya majibu yake yakafuata uongo ambao macho yanaukataa. Lakini alipowekwa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kukaporomoka.

Huko Finland Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku amejenga kazi yake juu ya hao wanyamavu. Mwaka 1996 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwenye uonevu darasa zima lina majukumu: anayeonea, msaidizi wake, mshangiliaji, mtetezi, anayejitenga. Programu yao ya kupambana na uonevu shuleni, KiVa, inafanya kazi na hao wa pembeni. Kumbadilisha mshangiliaji ni rahisi kuliko kumbadilisha mbabe.

#31 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)
Nimeamua mambo mawili kuanzia wiki ijayo. Taarifa yoyote ya jaribio nitaiandika ubaoni na kuibandika mlangoni, isitegemee simu ya mtu. Na kazi za maabara watafanya kwa vikundi vya watano vinavyobadilika.

#32 Nyota Pembeni
Mwalimu, tafadhali usiseme "jigaweni watano watano." Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote shuleni. Wote wanakimbia kushikana mikono na unabaki umesimama katikati, halafu mwalimu anauliza kwa sauti, "Nani atamchukua huyu?" Pangeni nyie wenyewe, mje na karatasi tayari.

#33 Fundi Saa
Naunga mkono kwa maabara. Ila kengele ikilia kila mtu atarudi meza yake, utaona.

#34 Binti Sayari
Arudi tu. Kama siku moja ningefanya kazi na mtu wa meza ya wachoraji, ningekuwa na sababu ya kumsalimia.

#35 Mama Pacha
Nauliza la kwangu kabla uzi haujazama. Huyu wangu wa "mtundu," nimhamishe shule aanze upya bila jina, au nimwache na pacha wake?

#36 Zege Halilali
Hamisha. Shule mpya hawana faili lake.

#37 Daktari wa Daftari
Mimi ningeanza na shule hiyo hiyo. Nenda umuulize mwalimu wa bweni, mara ya mwisho kitu kilipovunjika nani alimwona akivunja. Kama hakuna aliyemwona, omba kosa hilo lifutwe kwenye faili lake. Na nyumbani wakatazeni hao ndugu. Ukimhamisha huku sebuleni wanaendelea kumwita hivyo, atalibeba jina hadi huko.

#38 Msoma Ramani
Na mwenyewe ameulizwa anataka nini? Mama Pacha, tuambie alisemaje.

#39 Mama Pacha
Sijamuuliza. Wanarudi likizo Ijumaa, nitaleta mrejesho.